Usibane Pumzi

Kama unasoma haya ukiwa umelala chali wodini, na umekatazwa hata kujigeuza peke yako, nakujua. Najua umeshahesabu mbao za dari. Najua kila anayepita anakuambia usiogope, na kila akisema hivyo unaogopa zaidi. Mimi nililala hivyo nikiwa na miaka thelathini na tisa, mwembamba, sina presha, sina sukari, sijawahi kuvuta sigara, na bado nilikuwa nimepata shambulio la moyo. Siku zile nilitafuta mtu mmoja tu aliyepitia jambo hili aniambie litakwendaje. Sikumpata. Ndiyo maana naandika.

Jina langu ni Semeni. Nimezaliwa Igowole, Mufindi. Shule niliiacha darasa la sita, si kwa sababu ilikuwa ngumu, bali nilitaka kujua malori ya mbao yaliyopita mbele ya darasa yalikuwa yanakwenda wapi. Tangu hapo nimechuma chai, nimeuza mitumba Makambako, nimepikia wachimbaji wa dhahabu Chunya, na nimekaa miezi minne kwa wafugaji wa Usangu kwa sababu tu nilitaka kujua wanawatambuaje ng'ombe mmoja mmoja katika kundi lile. Sikuwahi kukaa mahali pamoja mwaka mzima.

Mwaka ule nilikuwa Uyole, nje kidogo ya Mbeya mjini, nashona lumbesa. Kwa asiyejua: gunia la viazi linajazwa hadi mdomoni, kisha viazi vingine vinapangwa juu yake mpaka vinakuwa kama kichuguu, na mshonaji anavifunga kwa kamba ili visimwagike njiani. Imekatazwa, kila mtu anajua imekatazwa, na kila mtu anashona. Unaweka goti kwenye gunia, unavuta kamba kwa nguvu zako zote, unabana pumzi. Ukipumua, kamba inalegea na kichuguu kinabomoka. Mshonaji hodari anabana pumzi kuanzia tundu la kwanza mpaka fundo la mwisho. Mimi nilikuwa hodari.

Asubuhi moja masika yakielekea kuisha, nikiwa kwenye gunia la tisa au la kumi, nilihisi kitu kinachanika katikati ya kifua. Sisemi kwa kupamba. Ilikuwa kama mtu anapasua kitambaa taratibu, halafu uzito ukaja, ukapanda mpaka kwenye taya na kushuka mkono wa kushoto. Nilimalizia fundo. Hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo, kwamba nilimalizia fundo.

"Dada, mbona umekuwa na rangi ya majivu?" aliniuliza Ambakisye. Huyu alikuwa kiongozi wa wapakiaji, Mnyakyusa mwenye mabega kama mlango, na ndiye aliyenipa kazi nilipofika pale bila kujuana na mtu.

"Kifua kimenikaza."

"Umeteguka. Njoo nikunyooshe."

Wapakiaji wana dawa yao. Mtu akikazwa na mzigo, mwenzake anasimama nyuma yake, mgongo kwa mgongo, wanafungana mikono viwikoni, kisha mwenye nguvu anainama na kumbeba yule mgonjwa mgongoni, miguu ikining'inia hewani, anamtikisa mpaka mifupa ilie. Nimewaona wakifanyiana mara mia, na hufanya kazi kweli. Ambakisye akanibeba hivyo. Kifua changu kikatazama mbingu, mikono ikavutwa nyuma. Wenzake wakacheka, "Mtikise, huyo mwepesi kama gunia tupu!"

Akanitikisa mara mbili. Mara ya pili nikapiga kelele ambayo sikujua ninayo.

Akanishusha. Nilikuwa nimeloa jasho na ile baridi ya Uyole. Nikatapika kando ya viazi. Hakuna aliyecheka tena.

Usikubali kunyooshwa. Kama hutasoma zaidi ya hapa, chukua hilo. Maumivu ya kifua yanayopanda kwenye taya na kuja na jasho baridi si ya kunyooshwa, si ya kuchuliwa, na si ya kusubiri kesho. Hata kama wewe ni mwanamke. Hata kama u mwembamba na jana ulicheza ngoma.

Mimi nilisubiri kesho. Kwenye duka la dawa waliniambia ni vidonda vya tumbo, wakanipa vidonge vya kutafuna. Nikavitafuna usiku mzima nikiwa nimekaa, maana nikilala uzito ulirudi. Asubuhi Ambakisye alinikuta nimeegemea ukuta. Akaita bajaji, akanipakiza kama mtu anayepakia mayai, akakaa pembeni yangu mpaka hospitali huku akimfokea dereva kila shimo.

Benchi la kusubiri lilikuwa refu na limejaa. Nilikaa hapo tangu jua likiwa dirisha la mashariki mpaka lilipokuwa juu ya paa. Mtu kijana akisema kifua kinamuuma, anawekwa nyuma ya wazee wanaokohoa, na sikuwa na ubishi, nami ningefanya hivyohivyo. Ambakisye ndiye aliyesimama. Alikwenda dirishani akasema kwa sauti ambayo ukumbi mzima uliisikia, "Huyu si mtu wa kulalamika. Huyu nimemuona anakatwa na kamba mpaka mfupa hajasema kitu. Leo amesema. Mpimeni."

Wakanipima umeme wa moyo, ile mashine ya kubandika waya kifuani. Nesi akatoa karatasi, akaitazama, akaondoka karibu anakimbia. Akarudi na daktari, mwanamke mdogo kuliko mimi, tuliyemwita Dokta Neema. Alitazama karatasi, akanitazama mimi, akaitazama tena karatasi.

"Ulikuwa unafanya nini ilipoanza?"

Nikainua mikono kumwonyesha namna ya kuvuta kamba.

"Usinionyeshe!" akasema, akanishika viganja vyote viwili. "Niambie kwa mdomo."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kulala chali.

Kitanda cha jirani alikuwa mama mmoja wa Kisukuma kutoka bonde la Usangu, Mama Kabula. Damu ilikuwa imeganda kwenye mshipa wa mguu wake, na mguu umevimba kama gogo. Yeye naye alikatazwa kusimama. Tulilala tukitazama dari moja, yeye akiwaza ng'ombe, mimi nikiwaza barabara. Wanawe walimletea maziwa ya mgando, na kila siku alimwambia nesi anipe kikombe. "Mpe huyo mfupa usio na nyama," alikuwa akisema, "asije akafa na njaa wakati amekuja kufa na moyo." Nilikatazwa kucheka sana. Ilikuwa kazi ngumu kulala karibu naye.

Dokta Neema hakuridhika. Nilimsikia akibishana kwenye simu nje ya mlango, akisema hayafanani, mgonjwa hana mafuta, hana sababu, nataka mishipa yake ipigwe picha. Nikapelekwa Dar es Salaam kwa gari la wagonjwa. Nakumbuka tulipita njia panda ya kwetu pale Mafinga, ukungu umeshuka, na nikawaza kwamba nimepita hapa mara nyingi kwenye malori nikificha uso nisionekane na ndugu, na leo natamani mmoja anione. Kila tuta nilihesabu. Kila tuta nilijiuliza kama ndilo la mwisho.

Huko Dar madaktari walipitisha uzi mwembamba kwenye mshipa wa kifundo cha mkono mpaka kwenye moyo. Nilikuwa macho. Niliwauliza maswali mpaka mmoja akasema, "Mama, ukinyamaza tutamaliza mapema." Kisha wakanyamaza wao. Wakatazama kioo cha mashine ya picha muda mrefu, na ukimya ule wa madaktari ndio ulionitisha kuliko kitu chochote mwaka ule.

Mshipa mmoja unaolisha moyo ulikuwa umechanika kwa ndani. Daktari alijaribu kunieleza, akachora duara ndani ya duara, akaona sielewi. Mimi nilikuwa nimeelewa, ila mawazo yangu yalikuwa yamerudi Chunya.

Kule machimboni tulikuwa na mpira mnene wa kuvuta maji shimoni, ule wenye matabaka. Siku moja maji yalikata. Wakasafisha pampu, ikawa safi. Wakazibua mpira kwa waya, hakuna uchafu. Kwa nje hauna hata mkwaruzo. Mimi mpishi, nikaacha sufuria jikoni nikaenda kuchungulia, maana siwezi kuona kitu kinafunguliwa nisichungulie. Fundi alipoukata tukaona tabaka la ndani limebanduka, maji yameingia katikati ya matabaka yakatengeneza uvimbe, na uvimbe umeziba njia. Mpira haukuwa na uchafu wowote. Ulijiziba kwa ngozi yake mwenyewe.

Nilipomsimulia daktari, aliweka kalamu chini. "Ndivyo hivyo," akasema. "Hivyo hivyo kabisa."

"Na mnaubadilisha?"

"Hapana. Tukiugusa tunaweza kuubandua zaidi. Kwako damu bado inapita pembeni. Ukiachwa, mara nyingi unajishika wenyewe."

"Mpira wa Chunya haukujishika."

"Mpira hauna uhai," akasema. "Lakini ni lazima utulie. Usibebe kitu kinachozidi dumu la lita tatu. Usivute, usisukume, usibane pumzi kwa jambo lolote, hata chooni. Miezi. Mahali pamoja, karibu na watu wako."

Miezi, mahali pamoja. Afadhali angeniambia nikatwe mkono.

Nikarudishwa Igowole kwenye kipupwe, wakati ule ambapo asubuhi huoni mlango wa jirani kwa ukungu. Nyumbani alikuwepo mama yangu, kaka yangu Festo, na mke wake Roida, wifi yangu. Nilikuwa nimeonana na Roida mara tatu tu katika ndoa yao yote. Sasa nikamletea mwili wa kulisha.

Mwili wenyewe ulikuwa umebadilika. Vidonge vya kuzuia damu isigande vilinifanya nivilie damu kila nilipogusa kitu. Nilikuwa na madoa ya zambarau mikononi kama mtu anayepigwa. Vidonge vya kupunguza mwendo wa moyo viligandisha vidole vyangu, na kwenye baridi ya Mufindi nilikaa jikoni siku nzima miguu karibu iingie kwenye moto. Misuli ya kamba, ile niliyojivunia, iliyeyuka. Kilichobaki ni kusikiliza. Kifua kikichoma kidogo nilisimama kimya na kiganja juu yake. Je, ni gesi? Ni baridi? Au ndiyo unachanika tena? Hakuna anayeweza kukueleza tofauti, unajifunza polepole, na unajifunza kwa kuogopa.

Kila mwezi nilikwenda kliniki Iringa mjini. Festo alinisindikiza mara mbili za kwanza, kisha kazi ya shamba ikamzidi. Nilipapenda pale kwenye benchi. Ndipo pekee ambapo hakuna aliyeniuliza ninaumwa nini.

Maana nyumbani ugonjwa wangu haukuonekana. Sina kidonda, sina kikohozi, natembea, nakula. Maji yetu yanachotwa kwenye chemchemi chini ya mteremko, na Roida alipanda na ndoo kichwani mara nne kwa siku huku mimi nimekaa.

"Wifi, hivi ni ugonjwa gani huu unaoruhusu ugali na kukataza ndoo?" aliniuliza siku moja, akishusha maji.

"Mshipa umechanika, wifi."

"Wangu umechanika wa shingo. Daktari wangu yuko wapi?"

Mama alisema, "Roida, acha." Lakini hata mama, jioni moja, aliniambia kwa upole, "Mwanangu, si kwamba umezoea kutembea, ukasahau kazi?" Nililia. Kisha nikaogopa kwamba kulia nako ni kubana pumzi, nikaacha.

Mara mbili nilifunga mfuko wangu. Nilijua lori gani linapita saa ngapi. Mara zote mbili nilifika mpaka barabarani, nikasimama na mfuko wa nguo mbili begani, nikahisi uzito wake, nikarudi. Roida aliniona mara ya pili. Akanipita na ndoo yake, na nilidhani ananidharau.

Mwezi wa kumi, jua kali, chemchemi imebaki uzi, mama mkubwa akafariki. Huyu ni dada wa mama, ndiye aliyenilea nilipokuwa natoroka shule, akinificha kwake mpaka hasira za baba zipoe. Nilimpenda kuliko nilivyowahi kumwambia. Na kwetu, msiba unapotokea, wanawake wa ukoo wanateka maji. Hakuna anayekupangia. Unachukua ndoo yako, unakwenda, unarudi umeibeba kichwani mbele ya watu, unamimina kwenye pipa. Ndiyo namna ya kusema ulimpenda marehemu. Asiyebeba, inaulizwa ana neno gani naye.

Siku ya kwanza nilikaa. Nikasikia nyuma yangu wamama wawili wa jirani.

"Huyo si ndiye aliyelelewa na marehemu?"

"Ndiye. Kamwachia maji Roida."

"Mtu wa barabarani. Ataujulia wapi msiba?"

Siku ya pili, kabla ya mazishi, nikachukua ndoo ya lita ishirini.

Nilishuka mteremko na wenzangu. Nilingoja zamu. Niliijaza kwa kopo, taratibu, nikiona maji yanavyopanda ukingoni, na kila kopo nilijiambia litoshe, na kila kopo nikaongeza, maana nusu ndoo ingekuwa aibu zaidi ya kukosa. Moyo ulikuwa unadunda masikioni. Nikaweka kata ya kitenge kichwani. Nikachuchumaa, nikashika ndoo pande zote mbili, na bila kufikiri nikafanya kile mwili wangu unachokijua kuliko sala.

Nikabana pumzi.

Palepale, kabla ndoo haijaacha ardhi, kikaja kitu kifuani. Kidogo, kama ncha ya kidole kinachogonga kwa ndani. Sijui mpaka leo kama kilikuwa mshipa au hofu. Nikawa nimechuchumaa, mikono kwenye ndoo, wanawake kumi na zaidi wananitazama, na mama mkubwa kwenye sanduku kule juu. Nilijua ningeweza kuiinua. Ningefika hata nusu ya mteremko.

Nikafungua mdomo, pumzi ikatoka kwa sauti. Nikaachia ndoo.

"Siwezi," nikasema. Sikuwahi kulisema neno hilo kwenye magunia, wala machimboni, wala mbele ya ndugu. "Nampenda mama mkubwa na siwezi. Nikiibeba hii mtazika wawili."

Mmoja wa wale wamama wa jana akaguna. Ndipo Roida, aliyekuwa ameshapanda mara mbili asubuhi ile, akapenya kati yao.

"Sogea," akaniambia.

"Wifi, wewe umechoka..."

"Nimechoka ndiyo. Nimechoka na wewe tangu kipupwe." Akachuchumaa, akaitwika ndoo yangu, akachukua dumu lake mkononi. "Ila ukifa, maji ya msiba wako atateka nani? Si mimi? Na chemchemi yenyewe imekauka hivi! Bora nibebe mawili leo." Akawageukia wenzake. "Mwenye neno aje anisaidie dumu."

Yule aliyeguna ndiye aliyelipokea dumu.

Nilipanda nyuma yao mikono mitupu. Kwenye pipa Roida alisimama, akaita mbele ya waombolezaji wote, "Hii ni ya Semeni," ndipo akamimina.

Usiku ule kifua kilitulia. Kesho yake kilitulia pia. Nilikwenda Iringa nikapimwa, na karatasi haikuwa na kitu kipya. Tangu hapo sijafunga mfuko.

Mvua zilipoanza, daktari wa Iringa aliutazama moyo wangu kwa mashine ya picha, akanionyesha unavyofungua na kufunga. Sehemu moja ndogo inavuta kivivu, ndiyo iliyokosa damu siku ile niliyotafuna vidonge. Kwingine kote unafanya kazi. Akasema mshipa unaweza kuchanika tena, hawezi kuniahidi hautachanika, na dawa nitaendelea nazo. Lakini sasa naweza kubeba lita kumi, bila haraka, na bila kubana pumzi. Nikampigia Ambakisye. Akasema kwamba pale Uyole hakuna mtu anayetikiswa tena mgongoni kabla hajaulizwa kama kifua kinamuuma.

Asubuhi iliyofuata Roida alinikuta mlangoni na ndoo ndogo.

"Kamwene, mfanyakazi," akanisalimu kikwetu. "Umepewa ruhusa kweli au umejipa?"

"Nimepewa. Lita kumi. Nisibane pumzi tu."

Tukashuka, tukajaza. Nilichuchumaa, mdomo wazi ili pumzi ipite. Akanishikia upande mmoja mpaka ndoo ikakaa kichwani, kisha akasema nitangulie mbele ili anione.

"Sasa nitajuaje kama unapumua?"

"Sijui."

"Basi ongea. Anayeongea hajabana pumzi. Niambie hao ng'ombe wa Usangu wanajulikanaje. Hukuwahi kunieleza."

Nikaanza kupanda, mguu mmoja baada ya mwingine, nikimweleza wifi yangu habari za pembe na madoa na mlio. Kila niliponyamaza kukumbuka jambo, sauti yake ilitoka nyuma yangu, "Semeni. Sema."

Nikasema, mpaka juu.